Vitambaa Vinane vya Grisi

Saa mbili asubuhi ya Jumanne Inspekta alikuwa ameshapanda ngazi ya chuma ya Gurudumu, ile bembea kubwa ya vikapu vinavyozunguka, hadi karibu na juu, na tayari alikuwa anajuta. Ngazi ilikuwa na vidato thelathini na saba, upepo wa bahari ulimvuta koti, na chini yake Fundi alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili huku akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Mguu wa kushoto, Inspekta. Wa kushoto. Huo ni wa kulia."

"Naijua miguu yangu, mzee."

"Sawa. Mimi nasema tu."

Saa tisa alasiri baraza la mji lilikuwa linakaa kupiga kura. Ama uwanja wa bembea uuzwe kwa kampuni, ijenge hoteli na maghorofa yake, ama ubaki ulivyo, pale ufukweni, na rangi yake inayobanduka. Kura ilikuwa ipigwe jana. Madiwani waliisogeza mbele kwa siku moja tu wasubiri ripoti ya polisi, na polisi katika jambo hili alikuwa yeye, mwanamke mmoja mwenye koti moja, ananing'inia kwenye ngazi.

Kisa chenyewe kilijulikana mji mzima. Jumamosi kamati ya kuutetea uwanja ilikuwa imeandaa siku ya wazi. Watoto sitini na wanne wapande Gurudumu, madiwani waangalie, mioyo yao ilainike. Alfajiri, watu wa kujitolea walipofika kufagia, wakakuta bolti nane zimetolewa na Gurudumu haligeuki. Kufikia saa nne kila mtu alishajua ni kampuni. Kwenye ua wa nyuma wakamkuta mpima ardhi wa kampuni ana spana ndani ya begi na mikono ya shati imejaa unga mweupe. Walimpiga mpaka shati likabaki kola. Polisi walimwokoa wakamtia mahabusu, na tangu hapo analala huko na jicho lililovimba, anarudia neno moja kwamba hajapanda kitu.

Ripoti ikisema ni mkono wa kampuni, uuzaji unakufa leo. Isiposema hivyo, matingatinga yanaingia wiki ijayo. Inspekta alilijua hilo, na watu mia mbili waliokuwa wanachora mabango pale getini walilijua kuliko yeye. Alipopita asubuhi walimpigia makofi, na makofi yale yalimkaa vibaya.

Akafika kwenye kiungo. Ekseli ya Gurudumu ilikuwa nene kama kiuno cha mtu mzima. Mwisho wake ilishikana na sahani kubwa ya chuma, na sahani hiyo ndiyo iliyopokea nguvu ya mota. Bolti nane ziliwahi kuzishikamanisha. Sasa palikuwa na matundu manane, duara zuri kabisa.

"Mzee," akaita, "bila bolti hizi linaweza kuanguka?"

"Kuanguka? Litaangukaje? Limekaa kwenye beringi. Haligeuki tu."

"Na bolti za beringi?"

"Hizo hazikuguswa. Zihesabu, ziko kumi na mbili."

Alizihesabu. Zilikuwa kumi na mbili, na hata rangi ya juu haikukwaruzwa. Akatia kidole kwenye tundu moja la kiungo, kikagota kwenye kitu laini. Akakivuta. Kilikuwa kitambaa, kipande cha mraba kilichokatwa kwa mkasi, kimeviringishwa vizuri na kulowekwa grisi. Tundu la pili nalo lilikuwa na chake. Yote manane yalikuwa hivyo.

Kisha akaona ile alama nyeupe. Ilikuwa ndani zaidi, pale ekseli ilipoungana na kola yake, ile pete ya chuma inayoizunguka, kwenye mfereji mwembamba ambao tambara la kufutia halikuufikia. Akanusa. Ilinuka mafuta ya taa. Akakwangua kidogo kwa kisu, akatia kwenye bahasha, akaandika saa, akashuka akiwa amefumba jicho moja kwa kuogopa kimo. Fundi alidhani ni vumbi.

"Vitambaa vile nani kaviweka, mzee?"

"Mimi." Fundi alijibu bila kufikiri, anajifuta mikono kwenye suruali ambayo ilishakata tamaa ya kuwa safi. "Jumamosi, polisi wenu walipoondoka. Bahari hii haina huruma, Inspekta. Tundu likilala wazi usiku mmoja, asubuhi lina kutu."

"Umefanya vizuri."

"Ndiyo kazi yangu. Miaka thelathini na moja."

Inspekta akaandika: *Baada ya polisi kuondoka.* Akapiga mstari chini yake.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa ndani ya kibanda cha tiketi. Wote walimwita Mama Tiketi, kwa kuwa alikuwa amekaa nyuma ya kioo kile tangu uwanja ulipofunguliwa. Mumewe, marehemu, ndiye aliyelisimamisha Gurudumu kwa mikono yake. Fundi alikuwa mdogo wa marehemu. Kwa hiyo Mama Tiketi na Fundi walikuwa mashemeji, na walitaniana na kugombana kimashemeji kila siku ya Mungu.

Asubuhi ile hakuwa na utani. Sauti ilikuwa imemkauka kwa siku tatu za kipaza sauti, macho mekundu, na mbele yake palikuwa na hotuba iliyoandikwa na kufutwa na kuandikwa tena.

"Umeshaandika?" akauliza kabla ya salamu.

"Bado, mama. Umeamkaje?"

"Sijalala, niamke wapi. Inspekta, nikuulize kama mwanamke mwenzangu. Unasubiri nini? Mtu amekamatwa na spana. Amekamatwa na chaki mikononi. Mnataka akamatwe na Gurudumu lenyewe mfukoni?"

"Nani amekwambia ni chaki?"

"Si watu wanasema. Unga mweupe."

Inspekta alifungua bahasha mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa na unga alioukung'uta jana kwenye begi la mpima ardhi kule kituoni. Nyingine ilikuwa na ule wa ekseli. Akalowesha vidole viwili kwa mate, akagusa kila unga kwa kidole chake, akasugua. Ule wa begi ulikuna kama mchanga, na punde kidole kikaanza kuwasha. Ilikuwa chokaa, ile wapimaji wanayoimwaga ardhini kuchora mistari. Ule wa ekseli ulikuwa laini na haukuwasha.

Akageuka kutazama ubao mweusi ulioning'inia nje ya kioo. Juu yake Mama Tiketi alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kishule: LEO SAA TISA. NJOONI WOTE.

"Naomba kipande cha chaki, mama."

Mama Tiketi alimsukumia boksi. Inspekta akasaga kipande kwa kitako cha kalamu, akagusa, akasugua. Kilikuwa laini na hakikuwasha.

"Hapa uwanjani nani mwingine anatumia chaki?"

"Nani atumie? Ni mimi na ubao wangu." Akatazama ndani ya boksi, akakunja uso. "Labda shemeji. Ijumaa jioni, baada ya majaribio, alikuja akachota kiganja kizima. Eti anataka kuandika namba kwenye vikapu ili watoto wasigombanie. Nikamwambia, leo umekuwa mwalimu? Kwa nini unauliza?"

"Nauliza kila kitu, mama. Ndio ubaya wangu."

"Inspekta." Mama Tiketi alimshika mkono kupitia tundu la kioo, na mkono wake ulikuwa wa baridi kabisa. "Watu arobaini na watatu wanakula hapa. Wauza tiketi, wafagiaji, yule mzee wa farasi wa kuzunguka, wote. Uwanja huu ukienda, mimi nina miaka sitini na mbili, nitakwenda kuuza nini, na kwa nani? Andika tu ni wao. Hata kama huna hakika yote. Wao wana mawakili, watajitetea. Sisi tuna wewe."

Inspekta aliuacha mkono ule umshike mpaka ulipojiachia wenyewe.

Vikapu vya Gurudumu vilikuwa kumi na sita. Vitatu vilikuwa chini, usawa wa jukwaa la kupandia, na vingine aliweza kuviona vizuri kwa darubini ndogo aliyokuwa nayo kwenye gari. Alivizunguka mara mbili. Hapakuwa na namba hata moja, wala alama ya namba iliyofutwa.

Alipokuwa anairudisha darubini garini, Meneja wa kampuni akamjia. Alikuwa mtu wa makamo aliyevaa viatu safi mahali ambapo viatu safi havikai dakika tano, na watu wa mabango walimzomea tangu getini. Alijitia hamnazo, lakini masikio yalikuwa mekundu.

"Inspekta, mfanyakazi wangu analala sakafuni siku ya tatu. Ana mke mjamzito anayenipigia simu kila saa. Mmemkuta na spana. Spana ni ya kukazia miguu ya chombo chake cha kupimia. Umeijaribu kwenye zile bolti?"

"Nimeijaribu kwenye matundu. Ni ndogo mno."

"Sasa?"

"Sasa kampuni inaweza kuwa na spana nyingine na mtu mwingine."

Meneja alicheka kwa uchovu. "Tufanye hivyo ili iweje? Ijumaa usiku tulikuwa na madiwani tisa kati ya kumi na watano. Kura ilikuwa yetu. Tulichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Leo sina hata sita. Ukimpata aliyetoa bolti zile, niambie, nimuulize tumemkosea nini."

Kwa bahati mbaya yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili. Inspekta alikuwa ameyawaza jana yake, akayafukuza. Sasa yamerudi na viatu vyao safi.

"Nenda zako," akamwambia. "Usikae hapa, watu wana hasira."

Alikaa garini na bahasha ya picha za Jumamosi. Mpiga picha wa polisi alizipiga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kusogelea ngazi. Saa ilikuwa imeandikwa kwenye kona ya kila picha. Siku zote tatu alikuwa amezitazama na kuona matundu manane meusi. Sasa akatoa kioo cha kukuzia. Weusi wa matundu ulikuwa unang'aa. Grisi inang'aa. Ndani ya tundu la tatu ilionekana ncha ya kitambaa, nyuzi mbili zimechomoza.

Basi vitambaa vilikuwepo kabla ya polisi.

Inspekta akayaweka mambo kwa mpangilio, kidole kimoja kimoja. Aliyefungua bolti alitaka Gurudumu lisigeuke, lakini hakutaka lianguke. Za beringi hakuzigusa. Alikuwa na spana ya saizi ambayo haipatikani dukani. Na alipomaliza hujuma yake, gizani, roho mkononi, akihofia kukamatwa, alisimama juu ya ngazi ile akaziba matundu yote manane, moja baada ya jingine, yasije yakapata kutu. Adui hafanyi hivyo. Hata mtu wa kulipwa hafanyi hivyo. Ni mtu mmoja tu hapa duniani ambaye mikono yake isingekubali kuondoka na kuliacha tundu wazi.

Hakufurahi. Kwa kawaida mambo yakijipanga hivi huwa anasikia njaa. Leo njaa haikuja. Aliichukua picha ile na kioo cha kukuzia, akashuka garini.

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya Gurudumu. Spana zilikuwa zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, na nyuma ya kila moja umbo lake lilichorwa kwa rangi. Fundi alikuwa anachemsha chai kwenye jiko la mafuta ya taa. Alipoona picha mezani, na kioo cha kukuzia juu yake, alizima jiko. Hakujisumbua kuinama kutazama.

"Nimesema nilivitia baada ya polisi."

"Umesema hivyo, mzee."

"Nimezeeka. Nasahau kudanganya vizuri." Akaketi juu ya tairi. "Ni mazoea, binti yangu. Nilikuwa nateremka nikiwa nimeshafika kidato cha kumi, nikakumbuka matundu. Nikajiambia, acha, wewe mjinga, teremka. Miguu ikapanda yenyewe."

"Bolti ziko wapi?"

"Ndani ya kopo la oili, chini ya kitanda changu. Kila moja na nati yake."

"Na chaki?"

Fundi alichukua chupa ya mafuta ya taa, tambara na kipande cha chaki kwenye dirisha, akatoka, na Inspekta akamfuata. Walipanda, safari hii Fundi mbele. Juu, mzee akaloweka ekseli kwa mafuta pale karibu na kola, akangoja kama dakika kumi, akaikausha kwa tambara mpaka chuma kikawa kikavu kabisa. Kisha akasaga chaki kiganjani, akaipaka juu mpaka pote pakawa peupe.

"Subiri," akasema.

Walisubiri. Chini yao mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti. Polepole, katikati ya weupe, ukatokea mstari mwembamba wa unyevu. Ulianza chini, ukapinda, ukazunguka ekseli kama nusu yake, na ukaendelea kuwa mweusi walivyokuwa wanautazama.

"Mafuta yanajificha ndani ya ufa," Fundi alisema. "Ukikausha juu, ya ndani yanatoka taratibu, chaki inayanywa. Jicho peke yake haliuoni ufa huu. Ijumaa tulifanya majaribio, tulipakia mifuko ya mchanga uzito wa watoto sitini na wanne. Nikasikia sauti. Sauti ndogo tu. Miaka yote sijawahi kuisikia."

"Lingeanguka?"

"Labda siyo Jumamosi. Labda Jumamosi." Akaufuta mstari ule kwa kiganja, upesi, kama mtu anayemfunika mwenzake nguo. "Huu si ufa wa chuma. Ni weldi. Mwaka tulipolisimamisha, ekseli ilipata dosari, kaka akaichomelea mwenyewe. Alikuwa mchomeleaji bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Kila mahali kwenye Gurudumu hili nimekagua mara elfu. Weldi ile sikuwahi kuipima hata siku moja. Ningempimaje kaka yangu?"

Waliposhuka, mzee alikubali kushikwa mkono.

"Ungesema mota imeungua," Inspekta alisema.

"Wangekuja mafundi kumi wa kujitolea, wakaifungua, wakaniambia ni nzima. Ningesema ekseli mbovu, basi, wiki hiyohiyo wanauza, na shemeji anasikia kwa watu kwamba kazi ya mumewe ilitaka kuua watoto. Nilitaka Gurudumu lisimame siku moja tu. Jumapili nitafute jibu. Sikumtaja mtu yeyote, Inspekta. Walipopiga kelele kampuni, kampuni, ndipo niliponyamaza."

"Na yule mpima ardhi?"

Fundi alitazama chini. "Nilimwona akipigwa. Nilikuwa nimesimama pale na fagio. Nilisema moyoni watamwachia. Aibu ile naijua mwenyewe."

"Siku tatu, mzee."

"Najua ni siku tatu." Sasa alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Binti yangu, niandikie hujui. Usiseme ni wao, usiseme ni mimi. Andika aliyefanya hajulikani. Madiwani wataogopa, wataahirisha tena, miezi mitatu, minne. Natafuta ekseli nyingine, naibadilisha kimyakimya, hakuna mtoto atakayepanda kabla. Kwa nini watu arobaini na watatu wamwage unga kwa ajili ya sauti niliyoisikia mimi peke yangu?"

Lilikuwa ombi dogo. Inspekta aliligeuzageuza, na kila alipoligeuza alimkuta yule mtu wa mahabusu chini yake, na jicho lake, na mke anayepiga simu. Mhusika asipojulikana, mshukiwa anabaki mshukiwa. Alitoa simu akapiga kituoni, mbele ya mzee, ili asipate nafasi ya kujishauri.

"Mtoe mpima ardhi. Sasa hivi. Ndiyo, mwambie kesi imekwisha. Na mtafutieni shati."

Fundi alisikiliza mpaka simu ikakatwa. Kisha akanyoosha mgongo.

"Naomba nimwambie mimi. Shemeji."

"Una mpaka saa nane."

Inspekta alisimama mbali, karibu na farasi wa kuzunguka, akatazama kupitia kioo cha kibanda. Hakusikia kitu. Alimwona Fundi amesimama amevua kofia, midomo inakwenda. Alimwona Mama Tiketi akicheka mwanzoni, akidhani ni utani wa kishemeji. Kisha akaacha kucheka. Aliketi kitako, akaikusanya ile hotuba yake karatasi kwa karatasi, akaisawazisha kingo kwa kuigonga mezani, akaishikilia kifuani muda mrefu.

Ukumbi wa baraza ulijaa mpaka madirishani. Mabango hayakuruhusiwa ndani, kwa hiyo watu walikuwa wameyaandika kwenye fulana. Karani alisoma ripoti ya Inspekta, kurasa mbili, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi, na aliposoma kwamba kampuni haikuhusika ukumbi mzima ukaguna. Alipofika kwenye jina la mhusika, Mama Tiketi alishasimama.

"Karani, usimsome," akasema. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, na watu walinyamaza ili waipate. "Ni sisi. Kamati. Gurudumu lina ufa, na bolti tumezitoa wenyewe watoto wasipande. Tulipaswa kusema, hatukusema. Mpima ardhi hana kosa. Aliyempiga, na yuko humu, akamwombe radhi kama mimi ninavyomwomba sasa."

"Mama, kaa chini," mtu akasema nyuma, karibu kwa kumsihi.

"Nitakaa. Nimemaliza."

Waliopiga kura ya kuuza walikuwa kumi na watatu. Waliopinga walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa amelala wakati ripoti inasomwa. Diwani aliyetoa machozi Jumamosi mbele ya waandishi aliinua mkono pamoja na wenzake, anatazama dari. Hapakuwa na fujo. Watu walitoka taratibu, fulana zao zimeandikwa OKOENI, wakakosa pa kuangalia.

Inspekta aliwakuta mashemeji wale kwenye ngazi za nje, wameketi kidato kimoja, katikati yao nafasi ya mtu mmoja. Fundi alipomwona alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Weka mikono chini, mzee. Wewe hukimbii. Ngazi hizi tu zimekushinda."

Mama Tiketi hakucheka. Alikuwa anatazama barabarani.

"Shemeji," akasema, "Ijumaa ungenijia. Usiku uleule. Ungeniambia ni ile weldi."

Fundi aligeuka taratibu. "Mimi nimekwambia ni ekseli, na ripoti nayo imesema ekseli. Sijakwambia ni weldi."

Inspekta, hatua mbili nyuma yao, hakusogea.

"Aliniambia," Mama Tiketi alisema mwishowe. "Marehemu. Wiki ya mwisho, hospitali. Alisema ile weldi nimwambie mdogo wake aitazame, haitamaliza miaka kumi. Nikasema nitamwambia. Halafu tukazika, na wewe ulikuwa umevunjika, kila jambo ulikuwa unasema kaka alifanya hivi, kaka alifanya vile. Nikaona nikikwambia nitakuulia kaka mara ya pili. Nikasema, yule anapanda kila asubuhi, anapapasa kila nati. Kama lina kitu ataona."

"Niliruka pale," Fundi alisema. "Kila asubuhi. Nilikuwa naruka palepale."

"Sasa ningejuaje kwamba unaruka?"

"Ni miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Mzee alijishika kichwa. Shemeji yake akamgeukia kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayezama na kutafuta pa kushika.

"Mimi wajukuu zangu wanne niliwaandika kikapu cha kwanza. Kwa mkono wangu. Ningefikiri lina kitu, ningewaandika?"

Inspekta alikuwa na jibu, kwamba mtu anaweza kulijua jambo na akakataa kulifikiri, na alimwonea huruma mwanamke yule kiasi kwamba alitamani angekuwa amechelewa dakika moja kutoka ukumbini. Lakini alikuwa ametoka mapema na alikuwa amesikia. Alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa mweupe.

"Kesho saa tatu," akawaambia. "Mje kituoni wote wawili, mtoe maelezo."